Kijana huyu ni mgonjwa, tusimgeuze kichekesho



Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), Muumba wa mbingu na ardhi, aliyemuumba mwanaadamu katika umbo lililo bora. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, maswahaba zake na wote wenye kufuata mwenendo wake mpaka siku ya mwisho. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, wiki hii naanza kwa kukiri kosa langu. Mimi ni mwalimu wa madrasa huku Mbagala, Wilaya ya Temeke, na baadhi ya siku hupewa nafasi ya kutoa darsa baina ya Maghrib na Isha. Mwezi wa Rajabu nilikuwa nazungumzia adabu za kula. Nikaitaja ile hadithi aliyoipokea Miqdam bin Ma'dikarib (r.a.) na kunukuliwa na Imam Tirmidhi, kuwa hakuna chombo kibaya anachokijaza mwanaadamu kuliko tumbo lake, na kwamba ikiwa hana budi basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi. Mpaka hapo nilikuwa salama. Lakini nilipoona vijana wameanza kusinzia, nikatia na mzaha. Nikasema wapo watu hawaachi hata hiyo nafasi ya pumzi, ndiyo maana wakipanda ngazi mbili tu wanahema kama gari bovu.

Msikiti mzima ukacheka. Vichwa vikageuka nyuma, kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa ukutani. Alikuwa amekaa hapo kijana wa miaka 16, mwanafunzi wangu mwenyewe, mnene kupita kiasi. Anakaa kwenye kiti kwa sababu magoti yake hayamruhusu kukaa chini. Naye alicheka, kama wanavyocheka watu waliozoea kuchekwa. Baada ya Isha akaondoka, na hakuonekana tena madrasa.

Wiki tatu baadaye baba yake akanifuata. Ni mtu wa biashara ndogo Kariakoo, mpole, hana maneno mengi. Akaniambia, "Ustaadh, sikuja kulalamika. Nimekuja na swali." Mwanawe alikuwa amepelekwa hospitali kwa sababu usiku anakoroma mpaka pumzi inakatika, anashtuka, analala tena, inakatika tena. Wakampima: kilo 138, urefu mita 1.68. Damu yake ina kisukari, ile aina tuliyozoea kuiona kwa watu wa miaka 50. Presha nayo imepanda. Daktari mmoja akawaambia kwamba kwa hali ile upo upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, ambao nchi nyingine wanafanyiwa hata vijana wa umri wake. Ami yake yule kijana anaishi Muscat, amesema yuko tayari kumpokea na kusaidia gharama. Bibi yake nyumbani amekataa katakata. Sasa baba anauliza: je, dini inaruhusu?

Ndugu zangu, nilimjibu pale pale, kabla hata chai haijapoa. Nikamwambia kumkata mtoto tumbo ni kubadilisha maumbile ya Allah, na dawa ya ulafi ni funga. Afunge Jumatatu na Alhamisi, aache chipsi, atapungua. Yule mzee akashukuru, akavaa viatu vyake, akaondoka.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimetoa fatwa juu ya mwili wa mtoto wa mtu bila kujua huo upasuaji ni kitu gani, ugonjwa wenyewe ni kitu gani, wala wanavyuoni wamesema nini. Qur'ani, katika Surat Al-Israai aya ya 36, inatukataza kuyafuata tusiyo na elimu nayo, na inatutahadharisha kuwa masikio, macho na nyoyo vitaulizwa. Basi nikaanza kuuliza na kusoma, nikawaendea Waislamu madaktari wanaoswali nasi. Haya ndiyo niliyoyapata.

Ugonjwa wenyewe

Madaktari wana kipimo cha unene kinachoitwa BMI. Unachukua kilo za mtu, unazigawa kwa urefu wake kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mtu mzima, kati ya 18.5 na 25 ni uzito wa kawaida, na kuanzia 30 ni unene wa maradhi. Kwa watoto hesabu huangalia pia umri na jinsia. Ukimpigia hesabu kijana wetu unapata karibu 49. Huo si ubonge wa utotoni utakaoisha akirefuka.

Jambo la pili nililojifunza ndilo lililoniondoa ujasiri wangu wote. Mwili ukishafika unene wa namna hiyo huulinda unene ule. Mtu akijinyima akapungua, mwili huongeza homoni za njaa, hupunguza zile za kushiba, na hata matumizi yake ya nguvu huyabana, mpaka kilo zirudi. Wapo wanaoshinda vita hiyo kwa chakula na mazoezi peke yake, lakini kwa wenye unene uliopitiliza ni wachache sana. Urithi wa damu nao una sehemu kubwa. Ndiyo maana watoto wawili wanakula sinia moja, mmoja ananenepa na mwenzake anabaki kama ufito.

Nchini Sweden watafiti waliwachukua vijana 50 wa miaka 13 hadi 16 wenye BMI ya 35 na zaidi, wakawagawa kwa kura. Nusu walipasuliwa, nusu wakapewa matibabu makali ya chakula na mwenendo bila kisu. Matokeo yalitolewa mwaka 2023. Baada ya miaka miwili, waliopasuliwa BMI yao ilishuka kwa wastani wa 12.6. Wale wengine ilishuka kwa 0.2, yaani karibu na bure, pamoja na kusimamiwa na wataalamu. Sasa mimi na nasaha yangu ya dakika tano nilitegemea nini?

Upasuaji na matokeo yake

Upasuaji huu uko wa namna mbili zinazotumika zaidi. Ya kwanza, daktari hukata na kuondoa sehemu kubwa ya tumbo la chakula, kiasi cha robo tatu au zaidi, likabaki kama mfereji mwembamba. Ya pili, hutengenezwa kifuko kidogo juu ya tumbo, kikaunganishwa na utumbo kwa njia ya mkato. Mtu hushiba kwa chakula kidogo, na homoni zile za njaa hupungua nguvu.

Utafiti unaotajwa sana unaitwa Teen-LABS, uliofanyika Marekani kwenye hospitali tano. Vijana 242 wa miaka 13 hadi 19 walipasuliwa baina ya mwaka 2007 na 2012. Matokeo ya miaka mitatu yakachapishwa katika jarida la New England Journal of Medicine: uzito ulikuwa umepungua kwa wastani wa asilimia 27. Kati ya waliokuwa na kisukari cha aina ya pili, asilimia 95 sukari ilirudi kawaida. Waliokuwa na presha, asilimia 74 iliondoka.

Mwaka 2019 watafiti hao wakalinganisha vijana 161 na watu wazima 396 waliofanyiwa ile namna ya pili. Baada ya miaka mitano kisukari kilikuwa kimeondoka kwa asilimia 86 ya vijana waliokuwa nacho, lakini kwa watu wazima ni asilimia 53 tu. Mwaka 2024 yakatoka ya miaka 10, kwa vijana 260: BMI bado ilikuwa chini kwa asilimia 20, na zaidi ya nusu ya waliokuwa na kisukari walikuwa hawana. Maana yake ni kwamba kungoja nako kuna gharama yake. Kisukari kikikaa mwilini miaka 20, macho, figo na mishipa havingoji.

Wala si kwa Wazungu peke yao. Katika Chuo Kikuu cha King Saud, Riyadh, timu ya Profesa Aayed Alqahtani imewafanyia upasuaji wa aina ya kwanza watoto na vijana wengi, na mwaka 2021 walitoa matokeo ya miaka 10 kutokana na watoto na vijana 2,504. Walichunguza pia hofu kubwa ya wazazi, kwamba mtoto atadumaa, wakakuta urefu haukuzuiliwa. Mwaka 2023 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilitoa mwongozo kuwa kijana wa miaka 13 na kuendelea mwenye unene uliopitiliza apelekwe akaangaliwe kama anafaa kupasuliwa.

Lakini nisiwapambie. Kisu ni kisu. Usingizi wa ganzi una hatari, mshono unaweza kuvuja, damu inaweza kuganda. Katika vijana wale wa Teen-LABS, asilimia 13 walilazimika kupasuliwa tena tumboni ndani ya miaka mitatu, na zaidi ya nusu walipungukiwa na akiba ya madini ya chuma. Aliyepasuliwa anameza vitamini maisha yake yote na kupimwa damu kila mwaka. Akiwa binti, akija kuolewa ashauriwe asibebe mimba mwaka wa kwanza na nusu baada ya upasuaji. Na wapo ambao kilo hurudi. Basi ni tiba nzito kwa ugonjwa mzito, wala si njia ya mkato.

Sheria inasemaje?

Hoja yangu ya kwanza kwa yule mzee ilikuwa kubadilisha maumbile. Ni kweli, katika Surat An-Nisaa aya ya 119 tumehadharishwa kuwa shetani ameapa kuwaamrisha watu wabadilishe alivyoumba Allah. Na Mtume (s.a.w.) amewalaani wanaochonga meno kwa ajili ya urembo. Lakini angalia, ndugu msomaji, sababu iliyotajwa: urembo. Kwa upande wa pili yupo swahaba Arfaja bin As'ad (r.a.), aliyekatwa pua katika vita vya Kulab zama za ujahiliya. Akaweka pua ya fedha, ikamnukia vibaya, Mtume (s.a.w.) akamwelekeza aweke ya dhahabu, pamoja na kuwa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Hapo wanavyuoni wakapata msingi: kurekebisha madhara si sawa na kutafuta urembo.

Na kumbe jambo lenyewe lilikwishajadiliwa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililo chini ya OIC, katika kikao chake cha 18 kilichofanyika Putrajaya, Malaysia, mwezi Julai 2007, lilipitisha azimio juu ya upasuaji wa kurekebisha maumbile. Humo limeruhusu kupunguza uzito kwa njia za kitaalamu, upasuaji ukiwemo, kwa masharti: uzito uwe umefikia kuwa ugonjwa, isiwepo njia nyingine isiyokuwa kisu, na kuwe na amani ya kutodhurika. Mfano walioutaja ni kunyonya mafuta, lakini masharti yale ndiyo mizani tunayoihitaji hapa. Miaka mingi nimekaa mbele ya watu nikitoa majibu, na azimio hilo sikuwahi kulisoma.

Hoja yangu ya pili ilikuwa ulafi. Hata tukisema mtu kajisababishia, je, aliyejisababishia hatibiwi? Mwendesha bodaboda aliyekimbia mno akavunjika mguu, tunamwacha barabarani tukimsomea darsa la mwendo kasi? Usama bin Sharik (r.a.) amepokea kuwa mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu, akieleza kuwa Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Hakuwauliza kwanza nani kaleta ugonjwa wake mwenyewe.

Kwa hiyo, kwa ninavyofahamu, na Allah ndiye Mjuzi zaidi, mzazi aliyefikwa na jambo hili ajiulize haya. Je, ni maradhi yaliyothibitishwa na madaktari waaminifu, zaidi ya mmoja ikiwezekana? Je, njia nyepesi zimejaribiwa kwa dhati? Je, hospitali inayokusudiwa imezoea kuwapasua vijana, au inatafuta pesa? Je, akirudi Dar es Salaam nani atamfuatilia damu yake na vitamini zake? Na la mwisho tunalolisahau: je, mwenyewe kijana ameulizwa? Aliyebaleghe kisheria ni mukallaf, anaandikiwa dhambi na thawabu zake. Vipi tusiombe ridhaa yake juu ya tumbo lake? Ama mwenye kilo chache za ziada anayetaka kiuno cha harusi, huyo hamo katika mlango huu.

Dhambi iliyo rahisi

Surat Al-Hujurat aya ya 11 inakataza watu kudharauliana, kutiana aibu na kuitana kwa majina mabaya. Sasa pita mitaa yetu, kuanzia Tandale na Mwananyamala mpaka Tandika na Mbagala, usikilize watoto wanene wanavyoitwa. Bonge. Tipwatipwa. Kondakta wa daladala anamwambia mtoto wa watu alipe nauli ya viti viwili, na abiria wanacheka, wamo na wenye kofia na mitandio.

Wengine tunaificha dhihaka hiyo ndani ya dini. Ipo hadithi katika Bukhari na Muslim, kwamba siku ya Kiyama ataletwa mtu mkubwa, mnene, naye mbele ya Allah hana uzito wa ubawa wa mbu. Nimesikia ikisomwa kuwakebehi wanene. Lakini hadithi yenyewe inaelekeza kwenye Surat Al-Kahf aya ya 105, na aya hiyo inawazungumzia waliozikanusha ishara za Mola wao na kukutana naye. Kinachopimwa ni imani na amali, hakipimwi kiuno.

Abdullah bin Mas'ud (r.a.) alipokuwa akichuma mswaki juu ya mti, upepo ukafunua miguu yake myembamba, watu wakacheka. Mtume (s.a.w.) akawaeleza kuwa miguu ile katika mizani ni mizito kuliko mlima Uhud. Basi mwembamba asichekwe, na mnene asichekwe. Na Mama yetu Sauda (r.a.) alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, mzito wa kutembea. Usiku wa Muzdalifa aliomba ruhusa atangulie kabla ya msongamano wa watu, na Mtume (s.a.w.) akamruhusu. Hakumwambia apunguze kwanza. Alimfungulia njia ibada yake itimie. Mimi nilikuwa na kijana kwenye kiti cha plastiki, nikamfungia njia ya msikiti.

Yaliyo mikononi mwetu

Ndugu msomaji, wengi wetu hatuna ami Muscat. Hapa kwetu, Hospitali ya Taifa Muhimbili tawi la Mloganzila imekuwa katika miaka ya karibuni ikitoa huduma ya kuweka puto tumboni: puto huingizwa kwa kupitia mdomoni bila kisu, likakaa miezi kadhaa kisha likatolewa. Zipo pia sindano za dawa iitwayo semaglutide. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2022, wa vijana 201 wa miaka 12 hadi 17, BMI ya waliopewa ilipungua kwa kiasi cha asilimia 16. Lakini sindano hizo ni ghali, nazo zinataka usimamizi wa daktari. Zile chupa za "kukata tumbo" zinazouzwa vichochoroni usimpe mwanao, hujui zina nini.

Na wale ambao bado hawajafika huko, hao ndio amana yetu kubwa. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliofanyika hapa hapa Kinondoni, kuuliza kwa nini watoto wa shule za msingi wananenepa. Kwa hiyo hili si jambo la Ulaya tena. Na Kiswahili chetu kimetuponza. Mtu akinenepa tunamwambia ana afya, amenawiri. Akikonda tunamuuliza anaumwa nini. Tulipita miaka ya Ukimwi tukiuogopa wembamba, na hofu ile haijatutoka. Profesa Mohamed Janabi, alipokuwa akiongoza Muhimbili, alisema sana juu ya ulaji wetu, na wengi tukamfanyia utani badala ya kumsikiliza.

Mtoto anaamka na maandazi na chai yenye sukari vijiko vitatu. Anapewa pesa ya soda. Anapelekwa shule na basi, anarudi na basi, anakaa madrasa, anakaa masomo ya ziada, anakaa mbele ya runinga na chipsi mayai. Kiwanja tulichochezea sisi kimejengwa fremu za maduka. Binti akishavunja ungo ndiyo kabisa, hata kamba haruki tena. Na Mama Aisha (r.a.) amesimulia kwamba alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) akamshinda. Baadaye alipoongezeka mwili wakashindana tena, safari hii Mtume (s.a.w.) akashinda, akamtania kuwa hiyo ni kwa ile. Hiyo ndiyo nyumba ya Mtume, mume na mke wanakimbia.

Madrasa yangu nayo haikuwa salama. Mlangoni tulikuwa na meza ya soda na ubuyu wa sukari, faida yake inanunua chaki. Tumeiondoa. Siku mbili kwa wiki, baada ya Alasiri, wavulana wana nusu saa ya mpira uani na wasichana wana siku zao na mwalimu wao. Chaki tunachangishana.

Nilivyorudi kwa kijana

Nilikwenda nyumbani kwao. Bibi yake alinipokea kwa ukali wa kizee, akasema, "Mwanangu, na wewe umekuja kuwasaidia wamkate mjukuu wangu utumbo?" Nikamjibu, "Bibi, mimi nimekuja kuomba radhi kwanza." Kijana akatoka chumbani, akaniamkia. Nikamwambia mbele ya wakubwa wake kwamba nilimkosea mbele ya watu, na kwamba nitasema mbele ya watu. Akainamisha kichwa.

Kisha nikamuuliza kuhusu ile nasaha yangu ya funga. Akajibu kwa adabu, hata hakuniangalia usoni: "Ustaadh, mimi nafunga Jumatatu na Alhamisi tangu Mfungo Mosi wa mwaka jana. Nilipungua kilo sita. Zikarudi nane."

Nilinyamaza. Mwaka mzima na zaidi alikuwa akifunga sunna ambayo mimi mwenyewe naikosa, na mimi nikamwita mlafi. Bibi yake naye alikuwa hajui. Alikuwa akidhani mjukuu amenuna ndiyo maana hali mchana.

Mpaka naandika, hawajaamua. Baba ameomba rai ya daktari wa pili, na vipimo vinaendelea. Bibi amekubali kukaa chumba kimoja na daktari amsikilize, na hilo kwake ni hatua kubwa. Kijana akaulizwa anataka nini, akasema anataka alale usiku bila kukatika pumzi, na aweze kusujudu. Ijumaa iliyofuata nilisimama baada ya swala nikaomba radhi kama nilivyoahidi. Alikuwepo, kwenye kiti chake. Tumekisogeza kile kiti, sasa kipo mwisho wa safu ya kwanza.

Nawaomba maimamu na maustaadhi wenzangu: likikujia swali la mwili wa mtoto wa mtu, sema sijui mpaka ujue. Nawaomba wazazi wawapeleke wagonjwa wao kwa wajuzi mapema, na vijana wayachunge maneno yao.

Tunamuomba Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu, awape wazazi wao nguvu na uamuzi wenye kheri, na atusamehe yale tuliyoyasema bila elimu. Amin.

Wabillahi tawfiq.